Mafuta Ndani ya Maji ya Kunywa: Funzo Kutoka Kambi ya Wanamaji ya Pearl Harbor

Askari hufundishwa kuitunza silaha yake, kumlinda mwenzake, na kuilinda mipaka ya nchi yake dhidi ya adui atokaye nje. Lakini yuko adui mwingine asiyezuiwa na mlinzi wa lango wala ua wa seng'enge, kwa kuwa yeye hutoka ndani ya kambi yenyewe. Makao yake ni matangi ya mafuta, karakana, mashimo ya taka na mabomba yaliyochakaa. Hupenya ardhini kimya kimya, akaingia kisimani, na mwisho wa safari yake ni kikombe cha mtoto.

Mwishoni mwa mwaka 2021 adui huyo aliziingilia familia za askari wa Marekani katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Mahali penyewe ni kambi ya Pearl Harbor, ambayo ulimwengu wote unaikumbuka kwa shambulio la ndege za Kijapani la tarehe 7 Desemba 1941. Safari hii haikuanguka bomu hata moja. Hata hivyo maelfu ya watu walilazimika kuzihama nyumba zao, na ghala kubwa la mafuta lililolitumikia jeshi kwa karibu miaka 80 likafungwa. Habari hii yafaa ielezwe kwa kituo, kwani mafunzo yake hayaishii kwa mabaharia peke yao.

MATANGI NDANI YA KILIMA

Ghala hilo liliitwa Red Hill, yaani Kilima Chekundu. Ujenzi wake ulianza Desemba 1940, wakati vita kuu ya pili ilipokuwa ikiikaribia bahari ya Pasifiki, ukamalizika mwaka 1943. Wakuu wa jeshi la wanamaji waliogopa kwamba matangi yaliyo juu ya ardhi yangekuwa shabaha rahisi kwa ndege za adui. Kwa hiyo waliamua kuyachimbia matangi mapya ndani ya mwamba.

Yalijengwa matangi 20. Kila moja lilikuwa na kimo cha meta 76 na upana wa meta 30, na liliweza kubeba galoni milioni 12.5 za mafuta, sawa na lita milioni 47 hivi. Kuta zake zilikuwa za zege, na upande wa ndani zikavishwa mabamba ya chuma. Mafuta yaliteremka kwa mabomba yaliyopita katika mahandaki mpaka gatini, yakaingia katika manowari. Kwa ufundi wa zamani zile, kazi hiyo ilikuwa ya ajabu.

Lakini chini ya matangi hayo, kwa umbali wa meta 30 tu, palikuwa na hazina yenye thamani kuliko mafuta. Mvua ya Hawaii huchujwa na mwamba wa volkano, ikajikusanya chini ya ardhi na kuwa maji matamu. Mji wa Honolulu huyategemea maji hayo, na kambi nayo ilichota humo kwa kisima chake. Basi ghala la vita na mtungi wa maji viliwekwa pamoja, kimoja juu ya kingine, na kati yake pakawa na mwamba wenye nyufa.

Onyo halikukosekana. Januari 2014 tangi namba 5 lilivuja galoni 27,000 hivi baada ya kufanyiwa matengenezo. Wakuu wa idara ya maji ya Honolulu na wananchi wengi walipaza sauti wakidai matangi yahamishwe. Yalifanyika mazungumzo, ikaandikwa mikataba, lakini mafuta yalibaki pale pale.

KOSA LILIVYOANZA

Tarehe 6 Mei 2021 wafanyakazi wa ghala walikuwa wakihamisha mafuta ya ndege. Vali hazikufunguliwa kwa utaratibu uliowekwa, msukumo ukapanda ghafula ndani ya bomba, na viungo vikaachia. Taarifa ya kwanza ilisema kwamba zilimwagika galoni zaidi kidogo ya 1,600, na kwamba karibu zote zimekusanywa. Kumbe zilizotoka zilikaribia galoni 20,000. Sehemu kubwa ilikuwa imenyonywa na bomba jingine, lililokusudiwa kuondoa maji na povu la kuzimia moto. Humo mafuta yakalala kwa zaidi ya miezi sita bila mtu kuyashughulikia, na bomba lenyewe, ambalo lilikuwa la plastiki, likaelemewa na uzito.

Tarehe 20 Novemba 2021 gari dogo la reli lipitalo handakini liliigonga vali ya bomba hilo. Mafuta yaliyosahauliwa yakabubujika, yakatiririka sakafuni, yakapata njia ya kuingia kisimani.

Uchunguzi wa jeshi lenyewe, uliotangazwa katikati ya mwaka 2022, haukumsingizia adui wala bahati mbaya. Ulisema kwamba utaratibu haukufuatwa, usimamizi ulikuwa dhaifu, na hesabu za mafuta hazikuoanishwa. Kama mafuta yaliyopungua mwezi Mei yangalitafutwa mpaka yaonekane, ajali ya Novemba isingalitokea.

HARUFU KATIKA BIRIKA

Waliogundua hatari hiyo kwanza hawakuwa wataalamu wenye vipimo. Ilikuwa ni akina mama na akina baba majumbani. Kuanzia tarehe 28 Novemba walianza kupiga simu wakieleza kwamba maji ya bomba yananuka petroli. Wengine waliona utando unaong'aa juu ya maji. Watoto waliumwa matumbo na kutapika. Watu wazima wakapata maumivu ya kichwa, na ngozi zikatoka vipele baada ya kuoga.

Hapo ndipo kosa la pili lilipofuata. Kisima kilifungwa, lakini wakazi walitangaziwa kwamba hakuna dalili ya kuonyesha kuwa maji si salama. Wengi wakaendelea kuyanywa na kuwaogeshea watoto wao. Siku chache baadaye vipimo vilithibitisha kwamba mafuta yamo, na kamanda wa kambi akaomba radhi kwa tangazo lake. Lakini maji yaliyokwisha kunywewa hayarudi.

Mabomba hayo yaliwahudumia watu wapatao 93,000. Maelfu ya familia yalihamishiwa hotelini, wengine wakateka maji kutoka magari ya matangi. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo ikawakuta ugenini. Idara ya maji ya Honolulu nayo ilivifunga visima vyake vya jirani, kikiwamo kile kikubwa cha Halawa, ili uchafu usije ukavutwa mpaka mjini.

KAZI YA KUSAFISHA

Kuyatoa mafuta katika maji si kazi nyepesi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo mengi huelea, na hayo huweza kukusanywa kwa pampu. Lakini sehemu yake huyeyuka ndani ya maji, nyingine hugandamana na mwamba, nyingine hugeuka mvuke. Kila sehemu yataka dawa yake.

Pale Red Hill silaha kubwa ilikuwa mkaa. Si mkaa wa jikoni, bali mkaa uliotengenezwa kwa namna maalumu mpaka ukawa na vitundu vidogo visivyohesabika. Aina moja hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Maji yapitapo humo, chembe za mafuta hunaswa katika vitundu hivyo. Maji yalivutwa kutoka kisima kilichochafuka, kiasi cha hadi galoni milioni 5 kwa siku, yakapitishwa katika machujio hayo ya mkaa, ndipo yakaachiwa mtoni. Kuvuta huko kulikuwa na faida nyingine: kuliyazuia mafuta yasisambae mbali chini ya ardhi.

Majumbani nako mabomba yalisafishwa kwa maji mapya, mtaa kwa mtaa na nyumba kwa nyumba, kisha yakapimwa. Kazi hiyo iliendelea mpaka Machi 2022, ndipo mtaa wa mwisho ukaruhusiwa kuyatumia maji tena.

Tarehe 7 Machi 2022 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, alitangaza kwamba ghala la Red Hill litafungwa kabisa. Hata hivyo haikuwezekana kufungulia mafuta siku ile ile, kwani mabomba yenyewe yalikuwa mabovu, na kuyatumia bila matengenezo kungaliweza kuleta maafa mapya. Yalifanywa kwanza marekebisho zaidi ya 200. Kazi ya kuyamwaga matangi ilianza Oktoba 2023, na hadi Machi 2024 galoni zaidi ya milioni 104 zilikuwa zimeteremshwa melini.

Katikati ya matayarisho hayo, tarehe 29 Novemba 2022, galoni 1,300 hivi za dawa ya povu la kuzimia moto zilimwagika. Povu la aina hiyo lilikuwa na kemikali ambazo hazioziki upesi, hukaa ardhini na mwilini kwa miaka mingi. Ilibidi udongo uliolowa uchimbwe na kuondolewa. Hivyo dawa ya kuzuia ajali moja ikawa yenyewe ajali nyingine.

Familia nyingi zilikwenda mahakamani, na serikali ikakiri kwamba ilikuwa na wajibu kwa uvujaji huo. Mei 2025 mahakama iliamuru walalamikaji 17 wa kwanza wagawiwe fidia ya jumla ya zaidi ya dola 680,000.

HAYAKUANZIA HAWAII

Red Hill haikuwa ya kwanza. Katika kambi ya askari wa majini ya Camp Lejeune, jimbo la North Carolina, visima vilichafuka kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980. Uchafu mmoja ulikuwa kemikali za kuondolea grisi katika vyuma. Mwingine ulitoka kwa dobi aliyekuwa nje ya kambi, aliyefua nguo kwa dawa badala ya maji. Ya tatu ilikuwa petroli iliyovuja. Uchafu uligunduliwa mwaka 1982, lakini visima vibaya vilifungwa miaka ya 1984 na 1985. Yakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walipata kuishi au kufanya kazi pale katika muda huo. Sheria ya kuwaruhusu kudai fidia mahakamani ilitiwa sahihi tarehe 10 Agosti 2022, miaka 40 baada ya ugunduzi. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

KUZUIA KULIKO KUSAFISHA

Kwa sababu hiyo wataalamu wa majeshi ya majini wameyaelekeza mawazo yao katika kuzuia. Matangi ya siku hizi hujengwa kwa kuta mbili, na kati yake huwekwa kifaa cha kulia mara tu mafuta yanapopenya ukuta wa kwanza. Mabomba ya chuma yaliyofukiwa hupitishiwa umeme mdogo ili yasile kutu. Meli inapotiwa mafuta huzungushiwa maboya yaliyofungamana mfano wa mnyororo, ili tone likimwagika lisitoroke bandarini.

Melini nako iko kazi. Chini kabisa ya meli, katika ngama, hujikusanya maji yaliyochanganyika na mafuta ya mitambo. Zamani yalimwagwa baharini. Sasa hupitishwa katika chombo cha kutenganishia, na kanuni ya kimataifa kwa meli za biashara hairuhusu maji yenye mafuta zaidi ya sehemu 15 katika sehemu milioni kutupwa baharini. Mkataba huo wa mwaka 1973, ulioongezewa mwaka 1978, haukuzifunga manowari, lakini unazitaka nchi zihakikishe kwamba manowari zao zinafuata mwenendo huo kadiri iwezekanavyo.

Manowari za Marekani zilifungwa pia mitambo ya kuyeyusha na kugandamiza taka za plastiki zikawa mabamba ya duara, yakawekwa stoo mpaka nchi kavu. Nazo rangi zenye sumu ya bati, zilizopakwa chini ya meli ili chaza na miani zisishike, zilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 2001 ulioanza kutumika 2008, baada ya kuonekana kwamba zinaharibu uzazi wa konokono wa baharini.

Hata hivyo hakuna mtambo unaoshinda uzembe. Tangi la kuta mbili halimfai mtu asiyesoma kipimo, na king'ora hakimsaidii anayekizima kwa kuwa kinamsumbua usingizi.

HATA NYUMBANI

Kila kambi ya jeshi na kituo cha polisi ina mafuta ya magari, karakana na maji ya kunywa. Mambo machache yafaa yazingatiwe na kila mmoja, awe afisa, koplo, mke wa askari au mtoto wa shule.

Mafuta machafu ya injini yasimwagwe mtaroni wala nyuma ya karakana, bali yatiwe katika pipa lenye mfuniko. Pipa hilo na matangi yote ya petroli yakae mbali na kisima, tena upande wa bondeni kuliko kisima.

Jerikeni iliyowahi kutiwa mafuta ya taa, petroli au dawa ya wadudu isitiwe maji ya kunywa kamwe, hata ikioshwa kwa sabuni mara kumi, kwa maana plastiki hunywa mafuta na kuyatoa tena polepole. Ipakwe rangi au ifungwe kitambaa ili watoto waitambue.

Maji yakinuka mafuta, kuyachemsha hakusaidii. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi petroli, na mvuke wake huijaza nyumba. Maji hayo yasinywewe, yasipikiwe, wala mtoto asiogeshwe kwayo. Yatafutwe mengine, na habari ipelekwe kwa mkubwa wa kambi na kwa bwana afya siku hiyo hiyo.

Naye mkubwa apokeaye habari hiyo aipokee kwa uzito. Pale Pearl Harbor pua ya mama jikoni iligundua jambo kabla ya maabara. Kukifunga kisima kwa siku mbili na kukuta hakina kitu ni usumbufu mdogo. Kuwaambia watu wanywe, kisha ikaonekana kuwa walikuwa wakinywa mafuta, ni deni lisilolipika kwa fedha.