Cinecittà, Mji wa Sinema Mlangoni pa Roma

Mhujaji afikaye Roma huenda kwanza penye kaburi la Mtakatifu Petro, kisha huzuru makanisa mengine makubwa. Lakini akiishika barabara iitwayo Tuscolana, mwendo wa kilometa 9 hivi toka katikati ya mji, atafika penye lango la Cinecittà, maana yake Mji wa Sinema. Humo Roma ya kale imejengwa na kubomolewa mara nyingi, kwa mbao na plasta. Hata hivyo, mambo makubwa kuliko yote yaliyotokea humo hayakuwa ya kuigiza.

Chanzo chake

Mwaka 1935 majumba ya kupigia picha ya kampuni Cines, mjini Roma, yaliteketea kwa moto. Serikali ya Mussolini ikakusudia kujenga mengine, makubwa zaidi, mashambani nje ya mji. Ramani ilichorwa na Gino Peressutti. Jiwe la msingi liliwekwa Januari 1936, na tarehe 28 Aprili 1937, baada ya miezi 15 tu, Mussolini mwenyewe akaja kufungua. Yeye aliiita sinema silaha yenye nguvu kuliko zote, kwani alitaka kutawala hata mawazo ya watu.

Mwaka ule ule wa 1936, tarehe 29 Juni, sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, Baba Mtakatifu Pio XI alitoa barua yake juu ya sinema, Vigilanti Cura. Hakuilaani sinema. Alifundisha kwamba picha njema yaweza kuinua moyo wa mtu, na picha mbaya yaweza kuuangusha, hasa moyo wa kijana. Basi katika mji mmoja watu wawili walikitazama chombo kile kile: mmoja aliona silaha, mwingine aliona roho za watu.

Siku ya machozi

Vita vikaja. Mwaka 1943 majeshi ya Ujerumani yaliiteka Roma. Mitambo ya Cinecittà ikanyang'anywa, na mabomu yakaharibu sehemu ya majumba. Karibu na pale palikuwa na mtaa wa watu maskini uitwao Quadraro. Tarehe 17 Aprili 1944, alfajiri, askari waliuzingira mtaa huo, wakakamata wanaume na vijana mamia kwa mamia. Waliwakusanya katika majumba ya Cinecittà, kisha wakawapeleka Ujerumani kufanya kazi za shuruti. Wengine hawakurudi tena. Paroko wao, padri Gioacchino Rey, hakuwaacha kondoo wake katika taabu ile.

Roma ilipokombolewa Juni 1944, majumba yale yakawa kambi ya wakimbizi. Watu wa mataifa mengi, waliopoteza nyumba zao, waliishi humo hata kufika mwaka 1950 hivi. Vyumba virefu vilivyojengwa kwa ajili ya wafalme wa bandia viligawanywa kwa kuta nyepesi, kila familia na pembe yake. Wamama walipika humo, watoto walizaliwa humo.

Wapiga picha, kwa kukosa majumba, wakatoka barabarani. Roberto Rossellini alitengeneza Roma città aperta, iliyoonyeshwa mwaka 1945. Ndani yake mna padri anayepigwa risasi kwa kuwa amewasaidia wanaoteswa. Hayo hayakubuniwa tu: padri Pietro Pappagallo aliuawa Machi 1944, na padri Giuseppe Morosini Aprili mwaka ule. Mwaka 1948 Vittorio De Sica akaonyesha Ladri di biciclette, habari ya baba maskini aliyeibiwa baisikeli yake ya kazi. Aliyeigiza baba huyo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, Lamberto Maggiorani. Kumbe, bila majumba ya fahari, sinema ilijifunza kusema kweli.

Utajiri na ujirani

Kisha Wamarekani walikuja na fedha nyingi. Mwaka 1951 ilitoka Quo Vadis, juu ya Wakristu walioteswa na Nero. Mwaka 1959 ikafuata Ben-Hur, iliyopata tuzo 11 za Oscar. Mwitalia Federico Fellini alilipenda jumba namba 5 kuliko yote, na alipofariki mwaka 1993, jeneza lake liliwekwa humo ili watu wamuage.

Na mashamba yale ya zamani? Mji wa Roma uliyameza. Nyumba za ghorofa ziliota kandokando ya barabara, na katikati yake Wasalesiani walijenga kanisa kubwa la Mtakatifu Yohane Bosco, lililoanzwa mwaka 1952 na kuwekwa wakfu mwaka 1959. Sisi tunawajua Wasalesiani, kwani walifika Katanga tangu mwaka 1911, nao wamewafundisha vijana wetu wengi kazi za mikono. Hivyo baba wa vijana amekuwa jirani wa Mji wa Sinema. Mwaka 1980 reli ya chini ya ardhi ilifika pale, na mwaka 2007 moto uliunguza sehemu ya majengo ya kuigiza. Lakini kazi iliendelea.

Neno kwa wazazi na wanafunzi

Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi picha hazingoji jumba la sinema, zinaingia nyumbani kwetu bila kupiga hodi. Wazazi, msiwakataze watoto kila picha, wala msiwaachie kila picha. Keti pamoja nao, tazama, kisha uliza: Je, huyu ametenda vema? Mungu angemwambiaje? Nanyi wanafunzi, kumbukeni ya kuwa kuta za plasta hubomolewa mara picha ikiisha, bali alama iliyoingia moyoni hukaa. Chagueni basi itakayowasaidia kuwapenda maskini, kama yule padri wa Quadraro alivyowapenda.