Kayaki ya Kujaza Upepo Ndani ya Gari-Nyumba
Sehemu ya Pili: Kutoka Mokowe Hadi Manda

Gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, haliwezi kupita Mokowe. Barabara inayotoka Garsen kupitia Witu huishia kwenye gati, na kutoka hapo safari ni ya baharini. Ng'ambo kuna Lamu, mji ambao mizigo yake hubebwa na punda, na kuikabili Lamu kuna kisiwa cha Manda, chenye uwanja wa ndege, mikoko mingi na mabaki ya miji ya kale. Hakuna daraja la kuvukia wala kivuko cha kubeba magari. Gari huachwa Mokowe chini ya ulinzi, na mwenye gari hupanda boti pamoja na abiria wengine. Kayaki ya kujaza upepo ina faida hapo kuliko pengine popote katika pwani hii, kwa sababu ikikunjwa huingia botini kama mzigo wa kawaida.

Kayaki ngumu ya plastiki ina urefu wa mita 3 hadi 4 na hufungwa juu ya gari. Paa la gari-nyumba liko karibu mita 3 kutoka ardhini, kwa hiyo kuipandisha huhitaji watu wawili na ngazi, na kila upepo mkali wa njiani huivuta kamba. Hata ikifika salama, nahodha wa boti ya abiria hana pa kuiweka. Ile ya upepo huwa na uzito wa kilo 10 hadi 18, hujikunja ikawa na ukubwa wa begi la safari, na hukaa chini ya kitanda cha gari pamoja na pampu, pezi lake na makafi yanayotenganishwa vipande.

Wazo lenyewe ni la kale. Michongo ya Waashuru ya karne ya 9 kabla ya Kristo inaonyesha askari wakivuka mto wakiwa wamekumbatia viriba vilivyojazwa pumzi. Katika miaka ya 1840 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Peter Halkett, alibuni joho la nguo isiyopenya maji ambalo lilijazwa upepo likawa mashua. Kilichobadilika tangu hapo ni malighafi. Kayaki nyingi za leo hutengenezwa kwa kitambaa cha nailoni au poliesta kilichopakwa PVC, na zile bora zina sakafu ambayo tabaka zake mbili zimeunganishwa kwa maelfu ya nyuzi, ili ikijazwa ibaki bapa na ngumu kama ubao badala ya kuvimba kama mto wa kulalia.

Jambo linalowaponza wageni wengi wa pwani ni joto. Hewa iliyofungiwa hutanuka inapopashwa, na jua la Manda huupasha mpira mweusi upesi sana. Tuseme kayaki imejazwa asubuhi, hewa ikiwa nyuzi 25, hadi presha ya kipimo 0.2, yaani sehemu 2 za kumi za baa juu ya hewa ya kawaida. Ikiachwa mchangani mchana na hewa ya ndani ikafika nyuzi 60, kipimo hicho hupanda hadi karibu 0.34. Ongezeko hilo ni la asilimia 70 hivi, na mshono dhaifu hauwezi kulistahimili. Hali hugeuka chombo kinapoingia majini: hewa hupoa, mbavu hulegea, na asiyejua hudhani kuna tundu. Utaratibu unaofaa ni kujaza kiasi pwani, kukishusha chombo majini kwa dakika kumi, kisha kuongeza upepo kinapoelea. Kikipandishwa nchi kavu hupunguzwa upepo mara moja na kuwekwa kivulini, hata kama mapumziko ni ya chakula tu.

Mahali pa kujazia si Mokowe. Njia ya kutoka Mokowe hadi Lamu ni ndefu kwa mtu anayepiga kafi, na boti za injini hupita humo siku nzima. Busara ni kuibeba kayaki ikiwa imekunjwa hadi mjini Lamu au kijiji jirani cha Shela, na kuvukia Manda kutoka hapo, ambapo maji ni membamba. Hata katika uvukaji huu mfupi boti zinazowapeleka abiria uwanja wa ndege huenda kasi, na mtu aliyeketi chini ndani ya kayaki haonekani kwa urahisi. Jaketi la kujiokolea la rangi ya machungwa huvaliwa likafungwa. Kulikalia kama mto ni sawa na kutokuwa nalo.

Bahari ya Lamu ina saa zake, na mwenye kayaki hana budi kuzifuata. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika kama mita 3. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi karibu na saa nne, lakini hayapandi sana. Kwa mtu anayetaka kwenda na kurudi mchana, siku zinazofaa ni zile za katikati, siku tatu au nne kabla ya bamvua, maji yanapojaa adhuhuri.

Hesabu hii ndiyo inayoamua kama Takwa itafikika. Magofu ya Takwa yako mwishoni mwa mkono wa bahari unaoingia ndani ya Manda kiasi cha karibu kukikata kisiwa vipande viwili. Maji yakijaa, njia hiyo ni mto mtulivu uliozungukwa na mikoko. Yakipwa, hubaki tope linalommeza mtu hadi magotini. Kayaki huhitaji maji ya kina cha shibiri moja tu, hivyo hufika mapema kuliko mashua na huweza kuchelewa kidogo kuondoka. Hata hivyo, kanuni ya kuingia maji yakiwa bado yanapanda, na kuanza kurudi mara yanapogeuka, haina msamaha. Mtu hupiga kafi kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa hivi. Mkondo wa kilomita 3 ukimjia usoni, hubakiwa na kilomita moja, na mikono huchoka kabla ya safari kwisha.

Takwa inastahili taabu hiyo. Mji huo ulistawi katika karne za 16 na 17, kisha wenyewe wakauhama. Msikiti wake wa Ijumaa bado umesimama, na juu ya ukuta wa kibla pana nguzo ndefu isiyo ya kawaida. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, sawa na 1683 Miladia hivi, na watu wa Shela wamekuwa wakilizuru kuomba dua ya mvua. Mahali hapa pako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na mgeni hulipa kiingilio. Mji mwingine, ulioitwa Manda kama kisiwa chenyewe, uko kaskazini; Neville Chittick aliuchimba na kuonyesha kuwa ulikuwa na biashara ya ng'ambo tangu karne ya 9. Huko ni mbali kwa kayaki. Ghuba ya Manda ni pana, meli za bandari mpya ya Lamu, iliyofunguliwa 2021, hupita humo, na pana maeneo ya jeshi yasiyokaribiwa. Anayetaka kufika upande huo akodi jahazi na kayaki ikae humo ikiwa imekunjwa.

Upepo ni adui mkubwa kuliko mkondo. Kayaki hii huelea juu juu, mbavu zake nene zikawa kama tanga lisiloshushwa. Kusi, linalovuma kati ya Aprili na Septemba, huingiza mawimbi katika mlango wa bahari kati ya Shela na Ras Kitau ya upande wa Manda, na maji yanayopwa yakikutana nayo, mawimbi husimama na kuvunjika. Hapo si mahali pa chombo cha upepo. Kaskazi lina siku nyingi njema, ila nalo huzidi nguvu alasiri. Nahodha aliyeketi gatini Shela hulitambua jambo hili kwa kutazama tu, na kumwuliza kabla ya kushuka ni adabu na ni kinga.

Ndani ya mikoko hatari ni ndogo lakini ni kali. Chaza hushikamana na mizizi chini ya usawa wa maji, na kingo zao hukata kama wembe. Mfereji ukiwa mwembamba, mwenye hori la mti wa mwembe husukuma mzizi kwa mkono na kupita bila wasiwasi. Mwenye kayaki ya upepo lazima abaki katikati. Ikikatwa, sauti haiwi kishindo. Ni mfoko mwembamba, viputo vinapanda kando ya goti, na ubavu mmoja unaanza kukunjika. Kwa kuwa vyumba vya hewa ni vitatu au zaidi, chombo hakizami, na kuna nafasi ya kufika ufukweni. Gundi na viraka vya baiskeli havishiki PVC. Kinachohitajika ni kipande cha PVC yenyewe na gundi yake, sehemu iliyokauka na kufutwa chumvi, kisha subira ya saa nyingi. Kwa hiyo kiraka cha kweli hupigwa jioni garini, na pale mferejini hupachikwa utepe wa dharura tu.

Manda ni kisiwa kikavu, na maji matamu ya Lamu hutoka katika vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo tayari vimeelemewa. Kumimina ndoo kumi kuosha chombo cha starehe ni jambo lisilofaa. Nusu ndoo na kitambaa vinatosha, ikiwa kazi inaanzia penye umuhimu: vali, ambamo chembe moja ya mchanga huizuia isifunge, halafu mikunjo ya mishono, ambamo chumvi hukauka ikawa vijiwe vinavyosaga kitambaa kila kinapokunjwa. Huko Mokowe, kabla ya kurudishwa chini ya kitanda, kayaki hutandazwa kivulini mpaka iwe kavu kabisa, maana ikifungiwa na unyevu ndani ya gari lenye joto huota ukungu kabla ya kufika Malindi. Vali huachwa wazi njia nzima.