Majina ya Mapishi ya Nyama Visiwani Zanzibar: Asili ya Neno na Maana Yake

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza majina ya baadhi ya mapishi ya nyama yatumikayo Unguja na Pemba. Aghalabu majina hayo hutajwa kama ushahidi wa wingi wa maneno ya mkopo katika Kiswahili, na mjadala ukakomea kwenye asili. Hoja ya makala haya ni kwamba asili ya jina haitoshi kueleza maana yake. Jina huweza kukopwa na pishi likabadilika. Vilevile pishi huweza kuja kutoka ng'ambo likapewa jina jipya.

2.0 Majina ya Mkopo

Pilau na biriani ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Neno lililozaa biriani huhusu kitu kilichokaangwa au kuchomwa. Hata hivyo, Zanzibar biriani hutambulikana kwa utengano wa vijenzi vyake: wali hupikwa peke yake, nyama hupikwa katika rojo zito la vitunguu, maziwa ya mgando na viungo, kisha viwili hivyo hukutanishwa wakati wa kupakua. Pilau ni kinyume chake. Mchele huivia ndani ya supu ya nyama, pamoja na uzile, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Kwa mzungumzaji wa Unguja, basi, tofauti ya maneno haya mawili ni tofauti ya namna ya kupika, wala haitokani na maana za awali za Kiajemi.

Mabadiliko kama hayo yanaonekana katika neno kababu. Katika nchi nyingi za Mashariki ya Kati jina hilo huhusishwa hasa na nyama iliyochomwa motoni. Visiwani, kababu ni vidonge vya nyama ya kusaga vilivyokaangwa katika mafuta. Dhana ya kuchoma juu ya makaa imebebwa na mishkaki, neno lenye uhusiano na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kutoboa. Maneno mawili ya mkopo yamegawana kazi kwa mpango wa Kiswahili chenyewe.

3.0 Majina Yaliyoundwa Nyumbani

Bokoboko ni mfano wa hali ya pili. Pishi hili la ngano na nyama hujulikana Oman na Ghuba kwa jina litokanalo na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuponda. Mahusiano ya Oman na Zanzibar yaliimarika zaidi katika karne ya 19, Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja. Ngano yenyewe huletwa kutoka nje. Pamoja na hayo, jina lililoenea visiwani lina umbo la takriri, ambalo ni la kawaida katika Kiswahili. Kinachofanana pande zote mbili ni kazi: ngano na nyama huchemshwa hadi zilainike, zikapondwa kwa mwiko mpaka nyuzi za nyama zisitambulikane, kisha zikamiminiwa samli.

Kuku wa kupaka naye amepewa jina kwa kitendo. Kuku huchomwa, akapakwa tui zito la nazi lililotiwa viungo. Anayelifupisha jina hilo kuwa "kuku paka" huondoa kitenzi, na pamoja nacho maelezo ya pishi.

4.0 Hitimisho

Mifano hii inadhihirisha kwamba maarifa ya mapishi yamehifadhiwa zaidi katika vitenzi vya Kibantu, yaani kuponda, kupaka, kukaanga na kuchoma, kuliko katika nomino zilizokopwa. Fasili isemayo tu kwamba bokoboko ni chakula cha ngano na nyama, au kwamba biriani ni wali wa viungo, haimwezeshi msomaji kulitofautisha pishi moja na jingine. Kamusi haina budi kutaja kitendo kinachotenganisha. Mashine zinapochukua nafasi ya kinu na mwiko, huenda matumizi hayo ya vitenzi yakatoweka kabla ya majina. Hapo neno litabaki, na maana yake itakuwa imekwenda na wapishi waliokuwa wakiijua.