Pedeli ya Kushoto

Katika gazeti letu hili mara nyingi twasoma habari za michezo, safari na mashairi. Leo naomba nafasi kidogo nieleze kazi ya mikono niliyoifanya nyumbani kwetu Ukonga wakati wa likizo ya Juni, nayo ni kubadili pedeli zilizochakaa za baiskeli ya mazoezi. Huenda wengine wakaona ni jambo dogo. Kwetu halikuwa dogo, na sababu yake ni hii.

Mwaka jana Baba aliugua kiharusi, akalegea upande wa kushoto. Alipotoka hospitali aliagizwa kufanya mazoezi ya mguu kila siku, na mjomba akamnunulia baiskeli ya mazoezi ya mtumba. Baiskeli hiyo ina kiti, usukani na pedeli, lakini haiendi mahali. Pedeli zazungusha gurudumu moja zito la chuma papo hapo ilipo. Watoto wa jirani walipoiona mara ya kwanza waliuliza, "Babu, unakwenda wapi na baiskeli hii?" Baba akawajibu kwamba anakwenda Gongo la Mboto, ila bado hajafika.

Nilipofika likizo niliikuta imefunikwa kanga. Pedeli ya kushoto ilikuwa imelika, yayumba huku na huku, na mkanda wa kushikia mguu umekatika. Mguu dhaifu wa Baba ulikuwa umeteleza, pedeli ikazunguka na kumchuna muundi. Tangu hapo siku tisa zilipita bila yeye kupanda. Mama aliniita jikoni akaniambia polepole kwamba Baba ameanza tena kuburuta mguu.

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne na nasoma Fizikia, kwa hiyo niliona kazi hii ni ya robo saa. Nilichukua spana nikaanza na ile pedeli mbovu. Kila mtu ajua kwamba nati hufunguliwa kwa kuizungusha kinyume cha mishale ya saa. Nilizungusha hivyo, haikutikisika. Nikakumbuka somo la wenzo, nikachomeka bomba la chuma kwenye spana ili iwe ndefu, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Spana ikachomoka, nikachubuka vidole. Baba alikuwa amekaa ananitazama, wala hakusema neno.

Jioni nilikwenda kwa fundi baiskeli aliye karibu na kituo cha daladala.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mkono umefanyaje?"

Nikamweleza. Akaniuliza, "Ni pedeli ya upande gani?"

"Ya kushoto."

"Basi hukuwa unafungua, kijana. Ulikuwa unakaza."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo nataka kila msomaji alijue. Ekseli ya pedeli imechongwa hesi, yaani mifuo ya msokoto, nayo huingia katika tundu la kranki, ule mkono wa chuma unaozungushwa na mguu. Pedeli ya kulia ina hesi ya kawaida, lakini ya kushoto ina hesi ya kinyume. Hufungwa kinyume cha mishale ya saa, na hufunguliwa kwa kuifuata mishale ya saa.

Kwa nini iwe hivyo? Chukua penseli, ishike katika ngumi bila kuibana sana. Kwa mkono wa pili, ishike ncha yake kwa wepesi uizungushe duara. Utaona penseli yajiviringisha ndani ya ngumi kwa upande wa kinyume. Ndivyo ilivyo ekseli ndani ya kranki. Mguu wakandamiza chini wakati wote, lakini kranki yazunguka, kwa hiyo mkandamizo huo nao wazunguka ukingo wa tundu, na ekseli ikiwa na nafasi ndogo tu hujiviringisha kinyume chake. Kama pedeli ya kushoto ingekuwa na hesi ya kawaida, mwendo huo ungeifungua kidogo kidogo mpaka ianguke. Kwa hesi ya kinyume, mwendo ule ule waikaza.

Mwaka 1900 ndugu wawili wa Marekani waliokuwa na duka la baiskeli mjini Dayton waliwatangazia wateja wao pedeli za namna hii, zisizojifungua zenyewe. Ndugu hao ni Wilbur na Orville Wright, ambao tarehe 17 Desemba 1903 walirusha ndege yao yenye injini. Sisi wa Ukonga twasikia ndege za uwanja wa Julius Nyerere kila siku, lakini sikujua kwamba watu wale wale walihangaika na pedeli.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe kwa utaratibu.

Kwanza, hakikisha ubovu uko wapi. Shika kranki kwa mkono mmoja na utikise pedeli kwa mkono wa pili. Pedeli ikiyumba peke yake, gololi zake zimelika. Ikiwa kranki nayo yayumba, hiyo ni kazi nyingine, mwite fundi.

Pili, tia matone ya oili mahali ekseli inapoingia katika kranki, uache usiku kucha. Yangu nilikuwa nimeikaza mno, kwa hiyo bila oili isingetoka.

Tatu, tumia spana nyembamba. Nyingi ya pedeli hutaka namba 15. Isimamishe spana ielekee juu, kisha ivute kuelekea nyuma, kwenye kiti. Kanuni hii ni ya pande zote mbili: kufungua ni kurudi nyuma, kufunga ni kwenda mbele. Mtu mwingine aizuie kranki isizunguke. Baba alipanda kitini, pedeli ya kulia ikiwa mbele, akaikandamiza kwa mguu wake wenye nguvu, nami nikavuta ile ya kushoto. Ilitoa mlio mmoja, ikaachia. Hiyo ilikuwa kazi ya kwanza tuliyoifanya pamoja tangu augue.

Nne, nenda dukani na pedeli kuukuu mkononi. Ekseli za baiskeli nyingi za barabarani zina unene wa inchi 9/16, lakini baadhi ya baiskeli za mazoezi, kama yetu, zina tundu la inchi 1/2. Ningenunua kwa kukisia, ningerudi Kariakoo mara ya pili. Chagua pedeli pana zenye mikanda.

Tano, tazama herufi kwenye ekseli: L ni ya kushoto, R ni ya kulia. Safisha matundu, paka grisi, uanze kufunga kwa vidole. Pedeli lazima iingie mizunguko kadhaa bila nguvu. Ikikataa, itoe uanze upya. Ukilazimisha kwa spana utaharibu hesi ya kranki, na kranki ni ghali kuliko pedeli. Ikishaingia, ikaze kwa spana, na baada ya siku moja uikaze tena.

Siku ya kurudi shule niliamka alfajiri kufunga sanduku. Zamani pedeli ile mbovu ilipiga kelele, nasi sote tulijua kwamba Baba yuko mazoezini. Siku hiyo kulikuwa kimya. Mama akashtuka, akaenda kutazama kama Baba bado amelala. Alimkuta juu ya baiskeli, mguu wa kushoto umefungwa mkanda, anazungusha taratibu.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, kabla ya kuongeza nguvu katika kazi yo yote, ulizeni kwanza kama mwazungusha upande unaofaa. Vidole vyangu vimepona, lakini alama bado iko.