Perseze ya batri: usinunue namba ya kwenye sanduku

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kuanzia Uvira mpaka Luvungi, mashini za kutoboa zinazotumia batri zimekuwa nyingi. Mafundi wetu wanaziita perseze. Sanduku moja limeandikwa 21V, la pembeni 48V, lingine 88V, na lingine tena 128V. Bei hazipishani sana. Fundi anayetafuta mashini ya nguvu anachukua ile ya 128, analipa dola za likelemba, anapanda motari anarudi Sange. Siku ya tatu visi inaingia nusu katika mlango wa libuyu, kisha mashini inanguruma na kusimama.

Mara nyingi fundi anasema: “Ni bahati mbaya.” Hapana, si bahati. Ile namba kubwa haikuwa nguvu ya mashini. Makala hii inaeleza namna ya kujua nguvu ya kweli mbele ya kutoa pesa.

Kwa nini batri?

Perseze ya waya ni nzuri. Mwenye umeme wa uhakika asiidharau: bei yake ni ya chini na haina batri ya kuzeeka. Lakini katika bonde la Ruzizi kazi nyingi za fundi ziko mahali pasipo na umeme: nyumba inayojengwa, juu ya manjanja, shule ya kijijini. Hata penye waya wa SNEL, umeme unaweza kukatika katikati ya kazi.

Wengine wanawasha jenereta. Hapo inabidi kuweka bidoni ya esanse karibu na maranda na vumbi la mbao. Sange haihitaji kufundishwa juu ya esanse: tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa, likawaka, na zaidi ya watu 200 walikufa. Batri nayo inahitaji uangalifu, lakini inapunguza sababu ya kuweka esanse katika atelye.

Volti za kweli ni ngapi?

Ndani ya batri kuna vipande vya duara kama mawe ya tochi. Vinaitwa seli. Katika perseze nyingi za leo ni seli za litiamu. Kila seli iko na volti 3.6, ikijaa kabisa inafika 4.2. Seli tano zikipangwa kwa kufuatana zinatoa volti 18, na zikijaa zinafika 21.

Kumbe 18V, 20V na 21V mara nyingi ni kitu kimoja: seli tano. Kampuni moja inaandika volti za kawaida, nyingine inaandika volti za batri iliyojaa. Usiongeze pesa juu ya tofauti hiyo.

Na ile ya 128V? Ili ifike hapo ingehitaji seli karibu 35. Seli moja ya kawaida iko na uzito wa gramu 45 hivi, basi seli peke yake zingepita kilo moja na nusu. Batri unayoishika kwa vidole viwili haiwezi kuwa hiyo. Herufi zinazowekwa nyuma, kama “VF”, si kipimo cha umeme.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Geuza sharjere, soma maandishi madogo kwenye mstari wa “OUTPUT”. Sanduku linaweza kujisifu, lakini sharjere lazima ifuatane na batri yake, la sivyo batri haijai ao inaharibika. Ukiona 12.6V, batri ni ya seli tatu. Ukiona 16.8V, ni nne. Ukiona 21V ao 18V, ni tano. Mashini za kweli za volti 36 ao 40 zipo, lakini zina seli kumi zinazofuatana, ni nzito, na bei yake inaonyesha.

Soma na mstari wa “INPUT”. Umeme wetu ni wa volti 220. Sharjere iliyoandikwa 100-240V haina shida. Ile ya 120V peke yake, inayokuja na vyombo vilivyotumika Marekani, itaungua ukiichomeka hapa.

Batri kubwa ao ndogo?

Volti ni kama msukumo wa maji katika bomba. Kiasi cha maji katika bidoni ni amperi-saa, inayoandikwa Ah. Zidisha hizo mbili utapata akiba yote ya batri, inayoitwa wati-saa. Batri ya 18V na 2Ah iko na wati-saa 36. Ya 18V na 4Ah iko na 72: inafanya kazi mara mbili. Tena batri ya seli kumi, zilizopangwa mistari miwili ya tano, haichoki haraka kwenye kazi ngumu kwa sababu kila seli inabeba nusu ya mzigo.

Hapa pia kuna udanganyifu. Omba mizani. Batri ya 18V inayosemwa ni ya 6Ah inahitaji kwa kawaida seli kumi, yaani gramu 450 mbele ya kuhesabu plastiki. Ikiwa yote pamoja haifiki gramu 400, usiamini.

Nguvu ya kuzungusha

Nguvu inayosukuma visi ndani ya mbao inapimwa kwa nyutoni-mita, Nm. Kwa kufunga vitasa, pazia na rafu za nyumbani, Nm 25 mpaka 30 zinatosha. Seremala anayefanya milango, vitanda na paa za mikaratusi atafute Nm 50 mpaka 60. Zaidi ya hapo ni kwa meshi nene na mbao kubwa, na mkono uwe imara: meshi ikikwama, mashini yenyewe ndiyo inazunguka na inaweza kuvunja kifundo cha mkono.

Angalia pia mambo haya:

– Spidi mbili. Namba 1 ni polepole na nguvu, kwa visi na meshi kubwa. Namba 2 ni haraka, kwa matundu madogo. Watu wengi wanaunguza mota kwa kufunga visi ndefu wakiwa kwenye namba 2.

– Mdomo unaoshika meshi. Ule wa milimita 10 unatosha nyumbani. Atelye inahitaji wa milimita 13.

– Mota isiyo na sharbo. Mota ya zamani inatumia vipande vya makaa vinavyosuguana na kuisha. Ile isiyo navyo inatumia batri vizuri zaidi na inakaa siku nyingi. Ukichukua yenye sharbo, uliza kama za kubadilisha zinapatikana. Bei yake ni ndogo, na mashini inafufuka.

– Nyundo. Kwa tofali la kuchoma na ukuta wa simenti, chagua perseze yenye alama ya nyundo. Tofali la udongo lisilochomwa halitaki nyundo, linapasuka. Kwa beto ya nguzo ao dala, perseze ya kawaida itateseka bure; kazi hiyo ni ya mashini ya SDS. Ikiwa una tundu tatu tu, azima.

Utaichaji wapi?

Ni swali la kuuliza mbele ya kununua. Batri ya wati-saa 72 inahitaji karibu wati-saa 90, kwa sababu nyingine zinapotea njiani. Pano ya jua ya wati 100, siku ya jua zuri, inaweza kutoa wati-saa 350 hivi. Basi inajaza batri tatu, kama haulishi televisheni na simu za majirani.

Angalia konvertisere yako. Sharjere ya haraka inaweza kuvuta wati 200 na zaidi. Konvertisere ya wati 150 itazima. Sharjere ya polepole inavuta wati chache na inachukua masaa mengi, lakini inafaa kwa pano ndogo na kwa nyumba za kuchaji simu. Ndiyo sababu batri mbili za kawaida ni bora kuliko batri moja kubwa: moja iko kazini, nyingine iko kwenye moto.

Mbele ya kulipa

Nenda dukani na kipande cha mbao ngumu na visi ya milimita 80. Weka spidi namba 1, funga visi mpaka kichwa kizame, fungua, rudia mara tano. Sikiliza mota, nusa kama kuna harufu ya kuungua, gusa batri. Angalia kama meshi inazunguka sawasawa bila kuyumba. Muuzaji anayekataa jaribio amekujibu tayari.

Majina makubwa kama Makita, Bosch na DeWalt yanaigwa sana, kwa hiyo jina kwenye plastiki si ushahidi. Uliza hili: batri yake peke yake inauzwa wapi? Batri ndiyo inakufa kwanza. Mashini ambayo batri yake inapatikana Uvira, Bukavu ao Bujumbura ina thamani kuliko ile nzuri ambayo batri yake hakuna anayeijua. Na chombo cha pili, kama msumeno ao mashini ya kusaga chuma, kichukue cha aina ileile ili batri zitumike kote.

Kisha itunze. Bonde letu ni la joto, na joto linaua litiamu. Usiache batri juani, kwenye motari ao chini ya manjanja. Ikitoka kazini na moto, iache ipoe mbele ya kuichaji. Ikivimba ao ikitoboka, usiifungue. Itoe nje, mbali na mbao na watoto.

Kwa nyumba, 12V ya kweli ao 18V ya 2Ah inatosha. Kwa atelye, chukua 18V, Nm 50 na zaidi, spidi mbili, mdomo wa milimita 13, batri mbili za 4Ah. Pesa ikipungua, punguza mapambo ya sanduku na zile meshi hamsini za bure. Usipunguze batri.