Arudi na nini?

Kijana mmoja niliyemfundisha Kisauni alikuja kuniaga juma lililopita. Amepata ufadhili wa kusomea dini ng'ambo kwa miaka minne. Tulipomaliza chai aliniuliza: "Mwalimu, nami nikirudi, nirudi na nini?" Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilimsimulia habari za jirani yetu mmoja wa Uganda, ambaye dini yake si ya kijana yule wala si yangu.

Jirani huyo ni Gershom Sizomu, Myahudi wa Mbale. Msomaji asistaajabu. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, alishika Torati, akatahiriwa yeye na wanawe, na hivyo jumuiya ya Abayudaya ikazaliwa. Waingereza nao, mwaka 1903, walikuwa wamewapendekezea Wayahudi wa Ulaya ardhi ya Uasin Gishu. Wajumbe wa kuikagua waliteremka hapa hapa Mombasa, wakaenda bara kwa gari moshi, na mwaka 1905 mkutano wao ukaikataa ardhi hiyo. Basi walioalikwa hawakuja, na ambao hawakualikwa na mtu wakaingia kwa hiari yao!

Chini ya utawala wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku. Sizomu husimulia jinsi baba yake alivyokamatwa kwa kujenga kibanda cha sikukuu, akakombolewa kwa mbuzi. Amin alipoangushwa mwaka 1979, waumini waliosalia walikuwa mia chache tu.

Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi kwa ufadhili wa Wayahudi wa Marekani, akakaa mwaka mmoja wa masomo hayo Israeli, akatawazwa mwaka 2008. Alirudi kwao Nabugoye. Mwaka 2010 kikafunguliwa Mbale kituo cha afya cha Tobin, kwa fedha za wafadhili wa huko huko alikosomea, na Mwislamu na Mkristo hutibiwa humo kama Myahudi. Katika shule za jumuiya hiyo pia watoto wa dini zote tatu huketi dawati moja.

Hata hivyo, linalonivutia zaidi ni jambo ambalo halikuanzwa na msomi huyo. Mwaka 2004 nduguye, J. J. Keki, alipita nyumba kwa nyumba akiwashawishi wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu wauze kahawa yao pamoja. Chama chao kikaitwa Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Wanunuzi walikuwa Marekani, lakini mibuni ilikuwa yao, na jembe lilikuwa lao. Naam, kuna msaada unaomkuta mtu tayari ameinama shambani, na kuna msaada unaomkuta amekaa kibarazani akiungoja.

Huo wa pili sisi wa Likoni twaujua. Karibu na nyumba yangu pana kisima kilichochimbwa na wageni wema. Siku ya kukizindua ngoma zilipigwa, hotuba zikatolewa, na kibao kikubwa kikasimamishwa. Mpini wa pampu ulipovunjika, hakuna aliyejua kipuri chanunuliwa wapi, wala nani akinunue. Mimi nami, mwalimu mzima, nilipita hapo miezi mingi nikilaumu wafadhili. Leo kibao kingalipo, kimepakwa rangi upya kwa ajili ya wageni wengine, na wanafunzi wangu hufika darasani wamechelewa, mabega yamelowa maji ya madumu.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba huko aendako hakufundishwi pampu. Nikamwambia kwamba hata Los Angeles Sizomu alifundishwa Torati. Alicheka, lakini hakuondoka. Aliniuliza kisima chenyewe kiko upande gani.

Safari yake ni mwezi ujao. Jumamosi hii tutakwenda pamoja, na fundi mmoja wa Mtongwe, tukaufungue ule mpini.