Tuionje kwa Ulimi, Tuinunue kwa Nembo
Wahenga walinena kuwa chema chajiuza. Kuhusu chai ya kijani ya Japani, nasita kukubali, kwani ulimi hauwezi kutambua jani lililokuzwa bila kemikali. Ladha nzito ya gyokuro hutokana na kufunikwa kivuli kwa takriban siku 20 na mbolea nyingi. Mkulima anayejinyima mbolea ya viwandani aghalabu huvuna majani yenye ladha nyepesi. Hiyo si dosari. Ili kupata nembo ya JAS, shamba la chai hukaa angalau miaka 3 bila kemikali zilizokatazwa kabla ya mavuno. Basi, msomaji, itazame nembo kabla ya kulipa. Kisha itilie sencha maji ya nyuzi 70, si yanayotokota, uonje taratibu. Kwangu, uaminifu wa mkulima wapita utamu.